Kununua Novemba kwa Oktoba

Nadine Stuckey aliishi kwa mali za marehemu, na hakuona haya kulisema. Mzee akifariki pale Hadley Fork, au katika mashamba ya mahindi yanayouzunguka mji huo wa Ohio, watoto wake walikuja kutoka mbali, wakazunguka nyumba wakilia chumba baada ya chumba, wakagombana kidogo juu ya saa ya ukutani, kisha wakampigia simu Nadine aje auze vyote vilivyobaki kabla theluji haijaanza. Jumamosi asubuhi alifungua mlango wa mbele, bei zikiwa zimebandikwa mpaka kwenye mapazia. Jumapili jioni nyumba ilikuwa tupu, na waliokuwa wakilia sasa walikuwa wakiulizia cheki yao.

Kazi hiyo hakufundishwa na mtu. Aliianza na meza moja ya kukunja, mwaka ule mumewe alipotoka kwenda kununua betri ya gari akasahau kurudi. Mtoto alikuwa bado ananyonya. Nadine aliuza kwanza spana za mumewe, akaona zimetoka haraka, akauza na nguo zake, mwisho akauza gari lenyewe, bila betri, kwa mtu aliyeondoka akidhani amemlalia. Tangu siku hiyo hakuajiriwa tena na yeyote.

Mtu wa kazi hiyo huujua mwisho wa kila kumbukumbu. Kikombe cha plastiki chenye sura ya boga, kilichonunuliwa bustani ya michezo kwa bei ya kiatu, Nadine alikikuta miaka mingi baadaye kabatini kikiwa na vifungo vya nguo ndani, akakiuza pamoja na vifungo vyake kwa bei ya pipi. Hakumcheka aliyekinunua. Alijiambia tu kwamba yeye atabaki upande ule wa mwisho wa biashara, upande usio na foleni.

Ndiyo maana ilimshangaza sana mwanawe wa pekee, Curtis, alipomwoa msichana wa ukoo wa Pomeroy.

Akina Pomeroy walikuwa watu wa vuli. Wengine wana dini, wao walikuwa na vuli. Jua la Septemba likiwa bado linachoma watu migongo, wao tayari walikuwa wamevaa sweta, wamewasha mishumaa inayonuka mdalasini, na kumfunga mbwa skafu ya rangi ya chungwa ambayo mbwa hakuiomba. Kahawa yao ilitiwa boga. Mikate yao ilitiwa boga. Na kila Oktoba ukoo mzima uliingia barabarani kwa mwendo wa saa nne nzima kuelekea Dunmore Grove, bustani kubwa ya michezo kando ya ziwa, ambayo miisho ya wiki ya mwezi huo huajiri mizimu, hupuliza moshi kwenye vichaka, na kuwatoza watu ili watishwe.

Kila mwaka walimwalika Nadine. Kila mwaka Nadine alisema ana vitu vya nyumba fulani vya kuuza, na ilikuwa kweli, maana Oktoba ndiyo mwezi watu wa kule wanapohangaika kuuza vitu vya wazee wao kabla ya baridi.

Lakini kilichomkaa Nadine rohoni hakikuwa Oktoba. Kilikuwa Novemba.

Alhamisi ya nne ya Novemba ni Sikukuu ya Shukrani, na siku hiyo kuna bata mzinga mmoja na meza moja. Mtu aliyeoa hawezi kukatwa vipande viwili. Ama atakula kwa mama yake, ama kwa mama mkwe. Miaka miwili tangu harusi, Curtis alikuwa amekula kwa mama mkwe wake, Glenda Pomeroy. Nadine alikula nyama ya bata mzinga ndani ya mkate, wima, mbele ya sinki, na watu walipomuuliza alisema anapenda utulivu. Uongo huo aliuuza vizuri mno. Kila mtu aliununua.

Na jambo hilo haliulizwi uso kwa uso. Watu wa kule wataulizana mishahara, wataulizana habari za upasuaji wa tumbo, lakini mama hawezi kumwendea mama mwenzake akasema, nipe meza mwaka huu. Itaonekana anaomba. Habari hupitishwa kwa watoto, kidogo kidogo, kama mtu anayepitisha sahani ya moto.

Basi wiki ya pili ya Oktoba Curtis na mkewe, Kayleen, walimfuata Nadine kazini, katika nyumba ya daktari wa meno aliyefariki majira ya kiangazi. Nadine alikuwa sebuleni akibandika bei kwenye taa. Kayleen alikaa kwenye kochi lililokwisha kuuzwa, akatoa simu.

"Mama, mwaka huu njoo," Curtis alisema.

"Nije kufanya nini?"

"Kutishwa."

"Nilikufundisha wewe kuendesha gari. Zaidi ya hapo nitishwe na nini?"

Kayleen alicheka kwa adabu. Alikuwa binti mzuri, asiyependa kumuudhi mtu, na kwa sababu hiyo alikuwa na tabia ya kuwaudhi watu wawili wawili. "Mama Nadine, sikiliza maoni ya waliokwenda wiki iliyopita. Huyu anasema donati za boga za mwaka huu zimemtoa machozi."

"Alikuwa na njaa."

"Huyu anasema mzimu wa kinamasi ulimtazama mama yake machoni, na mama yake hajawahi kujisikia ameonwa hivyo."

Nadine aliweka taa chini. "Huyo mama ana watoto?"

"Anao wanne."

"Basi siyo bustani yenye kasoro hapo."

Curtis aligeuka kutazama dirishani ili asionekane anacheka. Nadine akavuta kiti. Hakuwa amekubali, lakini kitu kikishaletwa mbele yake, ilikuwa haiwezekani asikikague. "Hizo treni za michezo, za kupanda na kuporomoka, zinafanya kazi na baridi hiyo?"

"Nyingi zinafanya," alisema Kayleen. "Upepo wa ziwa ukizidi wanafunga zile ndefu."

"Na hizo nyumba za mizimu, foleni?"

"Saa moja hivi. Saa moja na nusu. Kila nyumba."

"Kwa hiyo ninalipa nisimame."

"Unaweza kulipa zaidi, ukapita pembeni, usisimame."

Nadine aliinamisha kichwa kwa heshima. "Yaani wanauza foleni, halafu wanauza na njia ya kuikwepa foleni. Mwenye bustani hiyo ningependa kumpa mkono." Akafikiri. "Na kiingilio?"

Hapo Kayleen alichangamka, maana alikuwa na habari njema. "Ukinunua kadi ya msimu ya mwaka ujao sasa hivi, vuli hii unaingia bure. Ile ya bei nafuu inatosha kabisa. Ila tu haifanyi kazi Jumamosi za Oktoba."

"Na mizimu inatoka lini?"

"Jumamosi za Oktoba. Na Ijumaa usiku, ila Ijumaa watu wako kazini."

"Mama yako anayo kadi ya namna hiyo?"

"Sisi wote tunazo," alisema Kayleen. "Jumamosi tunanunua tiketi."

Nadine alimtazama mwanawe, mtu aliyemlea kwa jasho lake, aliyemfundisha kugonga mbao za kabati kwa kidole ajue kama ni mti au ni karatasi. Curtis alikuwa akisoma bei ya kapeti kwa makini makubwa.

Kwa hesabu ya kawaida jambo lilikuwa limekwisha. Saa nne barabarani kwenda, saa nne kurudi, chumba cha hoteli chenye ukuta mwembamba, Jumamosi ya Oktoba iliyopotea, na yote hayo ili kijana wa shule aliyepakwa unga amrukie kutoka kichakani. Bidhaa hiyo haikuwa na thamani hata ya kubebwa bure. Lakini Nadine alijua pia kwamba kitu kisicho na thamani kwako kinaweza kutumika kulipia kitu chenye thamani, mradi mwenye nacho anakitaka.

"Nitakuja," alisema. "Na Shukrani mnakula kwangu."

Curtis alimtazama mkewe. Kayleen aliitazama dari, kana kwamba bei imebandikwa huko.

"Mama atavunjika moyo," Kayleen alisema.

"Mama yako ana dada, ana shemeji, ana wapwa, ana mbwa mwenye skafu. Moyo wake una watu wa kuuunga. Mimi nina huyu mmoja, tena hata kula haraka hajui."

"Mama," alisema Curtis, "si ulisema hupendi mikusanyiko? Si ulisema unapenda utulivu?"

"Nilisema. Sasa nasema hivi."

Walinong'onezana ukumbini, kando ya kiti cha daktari wa meno. Waliporudi, Kayleen alikuwa ameshika mkono wa mumewe kama mtu aliyetoka kupewa majibu ya vipimo. Walikubali. Sharti lilikuwa moja: Kayleen mwenyewe atamwambia mama yake, na atamwambia baada ya safari, siyo kabla, ili asimharibie Oktoba yake.

Walipoondoka, Nadine alibandika bei taa zilizobaki, akazipandisha zote kidogo. Ndivyo alivyokuwa akifanya furaha ikimshika.

Furaha hiyo ilipoa wiki iliyofuata, alipopigiwa simu kuhusu nyumba ya mjane mmoja wa shambani, ghala limejaa, vyombo vya kaure alivyorithi kwa bibi yake bado vimefungwa kwenye magazeti. Watoto walitaka vitu viuzwe Jumamosi ileile ya safari. Nadine alikataa kwa sauti ambayo hakuitambua kuwa yake. Kazi ikaenda kwa Rufus Teague, mpiga mnada, mshindani wake wa siku nyingi, ambaye alimkuta kwenye kituo cha mafuta akamfungulia dirisha.

"Nasikia umeniachia ghala la kaure, bibie, unakwenda kukimbizwa na mizimu."

"Nakwenda kikazi."

"Kazi gani hiyo?"

"Kununua Alhamisi."

Rufus alimtazama, akatazama mbinguni, akapandisha dirisha taratibu. Mji mzima uliambiwa kabla ya jioni kwamba Nadine Stuckey ameanza kuzeeka.

Jumamosi yenyewe ilianza kwa fulana. Akina Pomeroy walishuka magarini wote wamevaa rangi ya chungwa, kifuani imeandikwa Pomeroy: Tumekufa, Lakini Tumeshiba. Walikuwa na moja ya ziada. Nadine aliivaa juu ya koti lake bila neno, kama mtu anayetia sahihi. Mume wa Glenda, Merle, mtu mkimya aliyekuwa amestaafu kufunga mabomba, alikuja amejivika joho la mfalme wa wanyonya damu lililofika visiginoni. Langoni mlinzi alimwambia watu wazima hawaruhusiwi kuingia wamejibadili sura, wateja wasije wakachanganywa na wafanyakazi.

"Nimelishona mwenyewe," alisema Merle.

"Limetulia sana, mzee," alisema mlinzi. "Lirudishe garini."

Nadine alijaribu kupunguziwa bei ya maegesho. Binti wa kibandani alimwangalia kama mtu anayeombwa apunguze uzito wa gari. Akajaribu kupunguziwa kwenye supu, kwenye kofia, na kwenye kile kikombe cha boga, ambacho hakukitaka, ila kwa mazoezi tu. Hakuna aliyemwelewa. Palikuwa mahali pa kwanza maishani mwake ambapo watu waliisoma bei na kuilipa, tena wakitabasamu, na jambo hilo lilimtisha kuliko moshi wote wa vichakani.

Giza lilipoingia walisimama foleni ya nyumba iliyoitwa Bibi Hakuzikwa. Saa nzima. Glenda Pomeroy, mwanamke mnene mwenye miwani ya mnyororo, alisimama nyuma ya Nadine akiegemea mguu huu, kisha ule. Hawakuwa wamewahi kukaa wawili peke yao. Walizungumza habari za upepo.

Walipoingia ndani, Nadine alisimama.

Ilikuwa sebule ya kizee. Utando wa buibui wa pamba, saa iliyosimama, picha za watu waliopauka. Wenzake walianza kupiga kelele kabla hata ya kutishwa, kwa kuwa walishalipa. Nadine alikwenda kwenye meza ya kando akaigonga kwa kidole. Mti. Mti mzuri, wa mjozi, na mjinga fulani alikuwa ameupaka rangi nyeusi ya ukutani. Akainama kutazama miguu yake. Akasogea kwenye kabati la nguo, refu, lenye nakshi za zabibu kwenye milango, akapitisha mkono ubavuni kutafuta maungio ya mbao.

Mlango wa kabati ukafunguka kwa kishindo. Akatoka bibi aliyeoza, macho meupe, kucha ndefu, akipiga ukelele wa kutoa roho.

"Kabati hili mmelipata wapi?" Nadine aliuliza.

Mzimu ulibaki umeinua mikono.

"Nauliza kwa wema tu. Wamelitoboa mgongoni ili upite, siyo?"

"Sijui, mama," alisema mzimu, kwa sauti ya kijana wa chuo. "Mimi naruka tu."

"Waambie wasiliache karibu na moshi. Unyevu utafumua nakshi."

"Sawa, mama." Ukarudi ndani, ukafunga mlango taratibu.

Nyuma yake Glenda alikuwa amekamata ukuta. Nadine alidhani amezidiwa na hofu. Kumbe alikuwa anacheka, kicheko kisicho na sauti, miwani imeteleza, machozi yanatiririka, fulana ya chungwa inatikisika yote. Ilibidi Nadine amshike mkono amtoe nje kwa mlango wa dharura. Wengine walipita kwenda nyumba nyingine. Wao wawili wakapata benchi karibu na kibanda cha juisi ya tofaa ya moto.

"Mkwe mwenzangu," Glenda alisema alipoweza kusema, "miaka yote nimekuja hapa, hii ndiyo mara ya kwanza nimepata thamani ya tiketi yangu."

"Nilidhani unapenda haya mambo."

"Mizimu? Siioni hata kuiona, ninavua miwani nikiingia." Akavua kiatu kimoja, akajisugua kidole gumba. "Mimi napenda Oktoba kwa sababu Oktoba mtu mwingine anapika. Watu kumi na tisa, na sishiki hata kijiko. Naijaza Oktoba mpaka juu kwa sababu najua kinachokuja nyuma yake."

"Nini?"

"Novemba, dada. Yule ndege." Alilitamka neno hilo kama jina la mtu aliyemdhulumu. "Tangu mama yangu afariki ninaamka kabla ya jua kumtia oveni ndege mkubwa kuliko mbwa wangu. Dada yangu anakuja na mboga moja ya kopo. Merle anakata nyama kama anakata bomba. Mwaka juzi nilimwambia Kayleen, muulize mama Curtis kama ataichukua hii sikukuu, mimi nampa kwa mikono miwili. Akaniambia hutaki, unapenda utulivu. Mwaka jana nikamwambia tena. Akasema hivyohivyo. Nikasema basi, bahati yake."

Nadine alishika kikombe chake cha juisi. Hakukinywa. Alifikiria ghala la mjane, na vyombo vya kaure, na Rufus Teague akivifungua gazeti baada ya gazeti. Maishani mwake alikuwa amewalipa watu kidogo kwa vitu vikubwa, na mara mbili tatu alilipa sana kwa vitu vidogo. Lakini kulipa kwa kitu ambacho mwenyewe ameshakiweka barabarani apite wa kukizoa, hilo halikuwa limemtokea. Alikuwa kama mtu aliyepigwa konde na yeye mwenyewe.

Halafu, kwa kuwa hakuwa mtu wa kulia juu ya bei iliyokwisha kulipwa, aliutazama uso wa Glenda. Ulikuwa uso alioujua vizuri kuliko wake. Ulikuwa uso wa mtu anayetaka nyumba iwe tupu kufikia Jumapili.

"Ni kazi kubwa," alisema Nadine taratibu.

Glenda akaacha kusugua kidole.

"Na nyumba yangu ndogo. Na mimi na utulivu wangu."

"Pai zote nitaleta mimi," Glenda alisema haraka. "Pai naziweza."

"Viti sina."

"Merle ataleta viti. Na meza ya pili."

"Viazi vinamenywa na nani?"

"Dada yangu. Nitamwambia ni lazima. Nitamkalia kichwani."

"Nilikuwa nafikiria tu Curtis na Kayleen," alisema Nadine. "Na nyie wawili. Wanne, watano, hivi."

"Aa," alisema Glenda, na sauti yake ikabadilika. Miwani ikarudi puani. Nadine aliiona ikirudi, akajua kwamba aliye mbele yake si mtu wa kuchezewa. "Nikibaki na hao kumi na watano, dada, si nitakuwa bado naamka na yule ndege? Wote au hakuna."

Kwenye kazi yake Nadine huuza masanduku hivyohivyo. Unataka kijiko cha shaba kilichoko chini, unachukua sanduku zima na makopo yake na kamba zake. Amewafanyia hivyo watu wasio na idadi, na hajamwonea huruma hata mmoja.

"Mbwa abaki nyumbani," alisema.

"Mbwa abaki nyumbani."

"Na Oktoba ijayo sitakuja huku."

"Oktoba ijayo utakuja," alisema Glenda, "na utakaa hapa hapa na mimi, hatuingii nyumba yoyote. Sina mtu wa kukaa naye. Wote hawa wanapenda kutishwa."

Nadine aligeuza shauri hilo upande huu na upande ule, akilitafutia ufa. Alikuwa bado analigeuza Kayleen alipotokea kwenye moshi, peke yake, amejikunyata ndani ya fulana yake, uso umemshuka. Alikuwa ameshindwa kungoja safari iishe. Alipiga goti mbele ya mama yake na kumshika mikono yote miwili.

"Mama, usikasirike. Nina jambo. Mimi na Curtis tumeamua… Shukrani mwaka huu tutakula kwa Mama Nadine. Najua itakuuma. Sijalala wiki mbili."

Glenda aligeuza uso. Alitazama ziwa lile jeusi. Midomo ilimtetemeka, na Nadine, aliyekaa ubavuni, ndiye peke yake aliyejua inatetemeka kwa nini.

"Kama ndivyo mlivyoamua," Glenda alisema hatimaye, kwa sauti nyembamba. "Mimi ni nani."

"Mama, tafadhali. Niambie nifanye nini ili usiumie."

Glenda alivuta pumzi, akamgeukia Nadine kwa unyenyekevu mkubwa. "Sijui. Mkwe mwenzangu, wewe unaonaje?"

"Vyombo," alisema Nadine. "Kumi na tisa na mimi. Mtu itabidi avioshe."

"Nitaviosha mimi," alisema Kayleen. "Mimi na Curtis. Vyote."

"Na masufuria," alisema Glenda, akijifuta jicho.

"Na masufuria, Mama."

Nadine alijisogeza kidogo kwenye benchi, ili Glenda apate nafasi ya kunyoosha mguu uliokuwa ukimuuma.